Mtoto mchanga akienda kuwekewa mirija ya masikio: namna ya kumwandaa, yeye na nyumba nzima

Mwanangu alikuwa na miezi 14 alipowekewa mirija ya masikio. Kazi yenyewe mle ndani haikufika robo saa. Maandalizi yalichukua zaidi ya wiki mbili, na yaliharibika mara moja kwa sababu ya kikombe cha uji.

Mtoto wa umri ule huwezi kumkalisha ukamwambia kesho tunakwenda wapi. Mnaojiandaa ni nyinyi: wewe, baba yake, bibi yake, dada wa kazi, na yeyote anayeweza kufungua friji usiku. Nimeandika haya kwa mzazi ambaye ameshapewa tarehe na sasa halali vizuri.

Kwanza, elewa anakwenda kufanyiwa nini

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo ambacho kinatakiwa kiwe na hewa. Hewa hiyo inaingia kwa njia nyembamba inayotokea nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo njia hiyo ni fupi na imelala, haijainama kama ya mtu mzima, kwa hiyo mafua kidogo tu yanaiziba na chumba kinajaa majimaji. Yakikaa sana yanakuwa mazito, yanavutika kama mlenda. Mtoto hapo anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji: sauti anaipata, maneno hayapati.

Mara nyingi majimaji haya yanakauka yenyewe ndani ya miezi 3, na ndiyo maana daktari makini hakimbilii upasuaji. Mirija inafikiriwa pale majimaji yanapokaa miezi 3 au zaidi na kipimo kinaonyesha usikivu umeshuka. Inafikiriwa pia sikio likiuma na kuugua mara kwa mara, kama mara 3 ndani ya miezi 6 au mara 4 ndani ya mwaka, na majimaji bado yamo.

Siku ya kazi, daktari wa masikio, pua na koo anatazama kwa hadubini kupitia tundu la sikio lenyewe. Anatoboa kiwambo kidogo, ananyonya yale majimaji, kisha anapachika mrija ambao madaktari wanauita grometi. Ukiushika ni kama punje ya ufuta yenye tundu katikati. Hakuna kidonda cha nje, hakuna nyuzi. Kazi hii ilianza kuzoeleka duniani baada ya mwaka 1954, pale daktari wa Marekani Beverly Armstrong alipoandika namna ya kuacha mrija wa plastiki kwenye kiwambo ili hewa iendelee kupita.

Mama mkwe wangu aliniuliza: kama ni kitobo kidogo hivyo, nusu kaputi ya nini? Jibu ni kwamba mtoto lazima asitikisike hata kidogo. Chini ya hadubini, kugeuza kichwa mara moja tu kunatosha kuharibu kazi, na ndani zaidi kuna mifupa midogo ya kusikia ambayo haitakiwi kuguswa.

Omba masikio yapimwe tena karibu na tarehe. Ikiwa ulipangiwa miezi miwili nyuma, inawezekana majimaji yamekauka, na hapo mtoto haendi popote.

Hofu ya nusu kaputi

Hofu hii usiimeze. Ipeleke kwa daktari wa usingizi kama ilivyo. Mimi niliuliza moja kwa moja: hii dawa haitamharibu akili?

Mwishoni mwa mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu dawa za usingizi kwa watoto wa chini ya miaka 3. Tahadhari ile ilihusu usingizi unaozidi saa 3, au unaorudiwa rudiwa. Kuhusu usingizi mfupi, kuna utafiti mkubwa uliofuatilia watoto wachanga 722 katika nchi 7 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri, wengine kwa usingizi wa kawaida, wengine kwa ganzi ya mgongo. Walipofika miaka 5 walipimwa akili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Usingizi wao ulikuwa wa chini ya saa moja hivi. Wa mirija ya masikio ni mfupi zaidi ya hapo.

Hatari ya kweli ya siku ile iko kwenye pumzi. Koo la mtoto ni dogo, linakereka upesi kwa mafua au moshi, na tumbo likiwa na chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Hatari hizi mbili zinapunguzwa na nyinyi mlio nyumbani kuliko na mtu mwingine yeyote. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hizo.

Uliza pia nani atamlaza mtoto. Hospitali nyingi kwetu kazi hiyo inafanywa na muuguzi au afisa aliyesomea usingizi, na wengi wao ni mahiri. Swali lako ni kama amezoea watoto wa umri huu, na kama kuna kifaa cha kupima oksijeni chenye kibanio kinachomtosha mtoto. Ni swali la haki kabisa, na anayejua kazi yake halimkasirishi.

Mambo ya kumwambia daktari hata asipouliza

Kama mtoto ana selimundu, au kwenye ukoo kuna selimundu na yeye hajapimwa, sema mapema sana. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Mtoto huyu hatakiwi kukaukiwa maji wala kupata baridi, kwa hiyo kufunga kwake kunapangwa tofauti na pengine atawekewa dripu.

Kama alizaliwa njiti, taja alizaliwa wiki ya ngapi. Mtoto mdogo sana aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kusahau kuvuta pumzi saa kadhaa baada ya usingizi, na huyo huwa analazwa usiku mmoja aangaliwe.

Kama alitahiriwa na damu ikachelewa kukata, sema. Kama alikatwa kimeo, sema, hata kama unajua utagombezwa. Kama anakoroma usiku na pumzi inasita, sema. Kama mjomba, shangazi au yeyote wa damu aliwahi kupata shida kwenye nusu kaputi, akapanda homa kali ghafla au akachelewa mno kuamka, hilo liseme mara mbili, kwa daktari wa masikio na kwa wa usingizi.

Dawa zote zitajwe, pamoja na za kienyeji. Kama amechanjwa karibuni toa tarehe, kwa sababu homa ya chanjo inafanana na homa ya ugonjwa na itawachanganya. Mpime uzito siku chache kabla: dawa zote za mtoto zinahesabiwa kwa kilo, na uzito wa kwenye kadi ya kliniki wa miezi mitatu nyuma si uzito wake wa leo.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi: omba hesabu nzima kwa maandishi, pamoja na ya daktari wa usingizi na ya vipimo. Kama una bima, kibali kitoke kabla ya siku yenyewe. Mkubaliane pia nani anatia saini fomu ya ridhaa, ili asubuhi ile asitafutwe mtu aliye safarini.

Wiki mbili za mwisho: linda pua na kifua

Mtoto mwenye shida ya masikio ana kamasi karibu kila siku, na wazazi wengi wanadhani akiwa na kamasi tu basi tarehe imekufa. Sivyo. Kamasi nyepesi, macho makavu, anacheza, anakula, mara nyingi kazi inaendelea. Kinachozuia ni homa, kikohozi chenye makohozi, kubana kifua, au mtoto aliyelegea. Hapo piga simu hospitali mara moja, usisubiri ufike mlangoni. Wakiahirisha kwa wiki kadhaa usiwaombe wabadili mawazo. Koo lililotoka kwenye mafua linaweza kujifunga ghafla wakati wa kulazwa au kuamka.

Moshi uondoke. Jiko la mkaa likae nje, baba kama anavuta avutie mbali na abadilishe shati kabla ya kumbeba, na udi upumzike wiki hizi. Anayekohoa asimbusu mtoto. Kama kuna daikea au nyumba ya jirani ambako anashinda na wenzake, mweke nyumbani siku za mwisho ukiweza.

Usimtie kitu sikioni. Mafuta ya nazi ya uvuguvugu, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, vijiti vya pamba: vyote hivi nimeshauriwa na watu wanaonipenda. Vinamficha daktari asione kiwambo, na kama kimeshatoboka vinapeleka uchafu ndani.

Usiku wa kuamkia: hapa ndipo mambo yanaharibika

Kanuni ambayo hospitali nyingi zinaifuata inahesabiwa kurudi nyuma kutoka saa ya upasuaji. Chakula, uji wa aina yoyote, maziwa ya kopo na maziwa ya ng'ombe, mwisho saa 6 kabla. Maziwa ya mama, mwisho saa 4 kabla. Maji matupu, mwisho saa 2 kabla, ingawa siku hizi zipo hospitali zinazoruhusu mpaka saa 1. Waliyokupa wao ndiyo ya kufuata. Kama hawakukupa saa, usiondoke bila hiyo.

Tuchukue mfano wa upasuaji wa saa 2 asubuhi. Uji au maziwa ya kopo, mwisho saa 8 usiku. Kunyonya, mwisho saa 10 alfajiri. Maji, mwisho saa 12 asubuhi. Uji mwepesi sana bado ni uji, na maziwa yaliyochanganywa na maji ni maziwa. Juisi ya embe ina nyama ya tunda, kwa hiyo ni chakula. Kinachoitwa maji ni kile ambacho ukikiweka kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili.

Wengi wanakosea upande mwingine: wanamfungisha mtoto tangu saa 2 usiku, "kwa usalama". Hilo nalo ni baya. Mtoto aliyekauka anakuwa na mishipa isiyoonekana, analia mpaka anavimba macho, na sukari yake inashuka. Weka kengele ya simu, mwamshe saa 9 na nusu, mnyonyeshe mpaka ashibe, ifike saa 10 umemaliza. Saa 11 na nusu mpe maji kidogo kwa kijiko au kikombe. Kufunga kwake kuwe kwa kiasi kilichosemwa, kisipungue wala kisizidi.

Sasa kikombe cha uji. Tarehe yetu ya kwanza niliandika saa zote kwenye karatasi nikaibandika ukutani chumbani kwangu. Chumbani kwangu. Bibi yake alikuwa amekuja kutoka Korogwe kutusaidia, analala chumba cha pili, hajaiona. Saa 11 alfajiri mimi naoga, mtoto akalia. Bibi akaamka, akamkuta jikoni na dada, akamkorogea uji wa lishe nusu kikombe. Nilipotoka bafuni mtoto alikuwa anachekelea, ana uji kidevuni.

"Mama, umempa nini?"

"Nimempa uji, mwanangu. Mtoto hapelekwi kwenye kisu na njaa."

Sikuwa na la kumjibu. Alifanya kile ambacho bibi yeyote mwenye huruma angefanya, na mimi ndiye niliyemwachia nafasi. Njiani baba yake akasema labda tusiseme, ni nusu kikombe tu, tumesubiri miezi. Tulipofika, muuguzi akauliza swali ambalo wanauliza kila mtu: "Mama, mtoto kala saa ngapi mara ya mwisho?" Nikasema saa 11, uji. Akaandika, akaenda kwa daktari wa usingizi, akarudi: leo haiwezekani. Daktari mwenyewe akatoka akanishukuru kwa kusema. Akanieleza kwamba uji ukiingia kwenye mapafu ya mtoto wa kilo 10, safari ya kurudi nyumbani mchana inageuka kuwa ya chumba cha wagonjwa mahututi. Tulipewa tarehe nyingine baada ya siku 19.

Mara ya pili tulifanya hivi. Jioni tulikaa wote sebuleni, nikasoma saa kwa sauti, nikaeleza kwa nini. Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa friji na nyingine juu ya chombo cha unga wa uji. Chupa na vikombe vya mtoto vilifungiwa kabatini, biskuti za kaka yake zikatolewa mezani, kwa sababu mtoto anayetambaa anaokota kila kitu. Bibi mwenyewe ndiye aliyepewa ulinzi: kuanzia saa 10 alfajiri hakuna kinachoingia mdomoni bila ruhusa yake. Alikaa mlangoni pa jikoni na tasbihi yake mpaka tunaondoka. Ukimpa bibi kazi ya kulinda, hapiti mtu.

Mwili wake na mkoba wako

Muogeshe usiku au alfajiri, usimpake mafuta ya mgando kifuani wala mikononi. Vile vibandiko vya kufuatilia moyo havishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Rangi ya kucha na piko vidoleni viondoke au visipakwe wiki hiyo, maana kifaa cha oksijeni kinasoma kwa mwanga unaopita kwenye kidole. Hereni, bangili, cheni, shanga za kiunoni na kamba ya shingoni vivuliwe nyumbani kwa utulivu. Kama kuna hirizi ambayo mzee amesisitiza ibaki, zungumza naye jana yake, na umwambie itakaa mkononi mwako unapomsubiri. Usiache muuguzi aikate kwa mkasi mlangoni, utaanza siku kwa ugomvi.

Mvalishe nguo ya vifungo vya mbele. Ya kupitishia kichwani itasumbua masikio baadaye. Mkobani weka pampasi, nguo mbili za akiba, kadi ya kliniki, majibu ya vipimo, bima, chaji ya simu, na thermosi ya uji au maziwa ya baada ya kuamka, ikiwa na jina na isifunguliwe. Weka na khanga uliyolala nayo usiku huo bila kuifua. Hiyo khanga ni dawa. Ina harufu yako, na ndiyo itakayokwenda naye mahali ambapo wewe hutaingia.

Wewe kula. Kina mama wengi wanafunga pamoja na mtoto kwa huruma, kisha wanazimia kwenye benchi.

Asubuhi, mpaka kwenye mstari mwekundu

Nendeni watu wazima wawili. Kama mtoto ananyonya, kuanzia saa ile ya mwisho abebwe na yule mwingine, awe baba au shangazi. Mtoto mwenye njaa akisikia harufu ya ziwa atalitafuta, na atalia kwa nini hapewi. Baba yake alimtembeza koridoni akimwonyesha feni, bomba, ndege dirishani. Saa moja na nusu ya kutembea bila kukaa.

Watoto wadogo kwa kawaida wanapangwa wa kwanza. Ukiona saa imepita na hakuna anayeita, usikae kimya kwa heshima. Mfuate muuguzi umuulize: "Dada, mtoto wangu alinyonya mwisho saa 10, maji saa 12. Tumesogezwa mpaka saa ngapi, na naweza kumpa maji?" Swali lenye saa ndani yake linajibiwa.

Watakuuliza jina la mtoto, anafanyiwa nini, sikio lipi, mara mbili tatu, watu tofauti. Usichoke. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, inayosomwa kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya kutoka chumbani. Jibu kila mara kama mara ya kwanza. Kama ni sikio moja tu, mguse sikio hilo unapojibu.

Kisha unafika kwenye mstari mwekundu sakafuni. Hospitali chache zinamruhusu mzazi aingie mpaka mtoto alale. Nyingi zinakusimamisha pale. Uliza mapema kwenu ni vipi, ili usishtukizwe.

Ukiruhusiwa kuingia, ujue utakachoona. Wanamwekea kinyago puani na mdomoni chenye hewa ya dawa, yenye harufu nzito kidogo. Atalia, na kulia kunamfanya aivute haraka. Ndani ya dakika moja hivi macho yanaweza kupinduka, mikono na miguu ikarukaruka, akakoroma. Hajateseka, ni hatua ya kuingia usingizini na hataikumbuka. Mshike, mwimbie, ukiambiwa toka, toka mara moja. Pale ndani wana kazi, na macho yao yanatakiwa kwa mtoto.

Usiporuhusiwa, mkabidhi akiwa uso kwa uso na muuguzi, kwenye khanga yako, usimpore ghafla wala usijifiche umtoroke. Mimi nilisema, "Nenda na shangazi, mama yuko hapa hapa." Sauti ilinitoka ya kawaida. Nililia baada ya mlango kufungwa.

Kuamka na kurudi nyumbani

Muda mfupi baadaye utaitwa. Utamkuta analia kilio usichokijua, anapindua mgongo, hakutazami machoni, kama hakufahamu. Hii inawapata watoto wengi wanapotoka kwenye dawa hizi, si lazima iwe maumivu. Kwetu ilichukua kama dakika 20. Mfunike khanga, mweke kifuani, ongea polepole. Muuguzi akikubali kwamba ameamka vizuri, mnyonyeshe au mpe maji kidogo kidogo. Kutapika mara moja si ajabu. Kikombe kizima cha uji kwa mara moja, hapana.

Kabla ya kuondoka pata mambo manne kwa maandishi: dawa na saa zake, siku ya kurudi, namba ya kupiga usiku, na aina ya mrija uliowekwa. Kwa maumivu mara nyingi parasetamoli inatosha, miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa saa 24. Soma chupa, kwa sababu dawa za maji hazilingani nguvu. Aspirini usimpe mtoto.

Msipande bodaboda. Mtu mmoja aendeshe, mwingine akae naye akimtazama pumzi, kidevu kisilalie kifua. Siku hiyo atasinzia, atakuwa mkorofi, atalala hovyo. Kesho yake wengi wanarudi kuwa wenyewe.

Majimaji kidogo yenye rangi ya damu sikioni kwa siku mbili tatu ni kawaida. Rudi hospitali usiku huo huo kama anapumua kwa shida, haamshiki vizuri, anatapika kila anachopewa, hajakojoa kwa saa 8, homa imefika nyuzi 38.5, au damu inatoka mfululizo. Usaha unaoendelea au unaonuka baada ya siku hizo unahitaji dawa ya matone, na daktari ndiye wa kuichagua. Usinunue tu duka la dawa la mtaani: matone mengine, kama yenye gentamaisini, yanaweza kudhuru sikio la ndani yakipita kwenye mrija.

Namna ya kutia matone ni hii. Shika chupa kiganjani dakika mbili ipate joto, kwani matone ya baridi yanampa kizunguzungu. Mlaze ubavu, vuta sikio nyuma na chini kidogo, tia, kisha bonyeza bonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu ili dawa ishuke. Abaki amelala hivyo dakika moja au mbili. Nilikuwa namnyonyesha ubavu mmoja kwa sikio la kulia, ubavu wa pili kwa la kushoto, na hakuwahi kupigana nami.

Maji safi ya kuoga kwa kawaida hayadhuru. Ya sabuni yanapenya kirahisi zaidi, kwa hiyo usimlaze ndani ya beseni yenye povu. Kuhusu bahari na bwawa fuata daktari wako alivyosema.

Miezi inayofuata

Andika tarehe ya mirija kwenye kadi ya kliniki, kwa wino, mahali panapoonekana. Mrija wa kawaida unakaa kati ya miezi 6 na 18, kisha kiwambo kinausukuma wenyewe na kujifunga. Wachache wanabaki na kitundu kisichojifunga, na ndiyo sababu ya kurudi kupimwa kila baada ya miezi michache hata kama mtoto hana tatizo. Usikivu upimwe tena pia.

Siku ya tatu baada ya upasuaji wetu, dada alikuwa anaosha vyombo akaangusha kifuniko cha sufuria. Mwanangu akaruka, akalia. Nikamkimbilia nikidhani ameumia. Hakuwa ameumia, alikuwa amesikia. Wiki ile nzima alilia kwa adhana, kwa pikipiki, kwa jogoo wa jirani. Punguzeni sauti ya redio, mpe muda, anaizoea dunia iliyoongezwa sauti ghafla.

Mrija wa kulia tuliukuta juu ya mto wake miezi 11 baadaye, wa bluu, umezungukwa na nta kavu ya sikio. Bibi yake ndiye aliyeuona, akidhani ni mdudu. Niliubandika kwa selotepu kwenye kadi ya kliniki, kando ya ile tarehe, nikaenda nao kumwonyesha daktari.